Tupeane uzoefu: Dar–Mwanza kwa ndege ni kilomita ngapi, na safari inachukua muda gani hasa?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Kila Desemba ikikaribia watu wa Kanda ya Ziwa wanaanza kuulizana swali hili, na kila anayejibu anakuja na namba yake. Huyu anasema saa moja, yule saa mbili. Huyu kilomita 850, yule 1,150. Wote wanaweza kuwa sahihi, maana kila mmoja anapima kitu chake. Naomba hapa tuweke namba zenye maelezo: unapima kutoka wapi hadi wapi, kwa ndege gani, na dakika zinaongezekea wapi. Mambo ya nauli yana uzi wake. Wenye njia nyingine zinazoanzia Dar nao waongeze, ila Mwanza ndiyo iwe mada kuu.

Naanza na umbali. Kutoka JNIA (uwanja wa Julius Nyerere wa Dar) hadi uwanja wa Mwanza, kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 850. Kuna programu za simu zinaonyesha 530, nyingine 460, mtu akadhani simu imekosea. 530 ni maili za kawaida na 460 ni maili za baharini, ambazo ndizo watu wa anga wanazotumia. Maili moja ya baharini ni kilomita 1.852. Kwa hiyo kabla ya kubishana, angalia kwanza kipimo kilichoandikwa mbele ya namba.

Hiyo 1,150 ni ya barabara: Morogoro, Dodoma, Singida, Shinyanga, Mwanza. Basi likitoka Mbezi Luis likatembea kilomita 80 kwa saa bila kusimama popote, bado ni zaidi ya saa 14 za usukani mtupu. Weka mizani, chakula na foleni ya kutoka Kibaha, utaona mwenyewe inafika wapi.

Mpanga Ratiba

Mkuu umeanza vizuri. Niongezee kwenye muda.

Muda ulioandikwa kwenye tiketi haupimi ndege ikiwa hewani tu. Unaanza pale ndege inapoondoka kwenye maegesho ya Dar na unaishia inaposimama kwenye maegesho ya Mwanza. Kwa hiyo aliyeanza kuhesabu magurudumu yalipoachia ardhi atapata namba ndogo kuliko ya tiketi, na hakuna aliyedanganywa.

Ukitaka kukadiria mwenyewe, gawa umbali kwa mwendo wa ndege ikiwa juu, kisha ongeza karibu nusu saa. Mwendo ndio unaotofautiana sana. ATR 72 ya pangaboi inakwenda kama kilomita 500 kwa saa. Dash 8 Q400 nayo ni ya pangaboi lakini ina nguvu zaidi, inafika 620 hadi 660. Airbus A220 ni jeti, inakwenda kama 830. Sasa piga hesabu ya kilomita 850: ATR inatoka saa 1 na dakika 42, Q400 kama saa 1 na dakika 20, A220 saa 1 na dakika moja au mbili. Ongeza ile nusu saa, na hapo umepata sababu ya mtu mmoja kuapa kwamba Mwanza ni saa moja na nusu na mwingine kuapa kwamba ni zaidi ya mbili. Wamepanda ndege tofauti.

Nusu saa hiyo inaishia wapi? Kwanza ardhini. Njia ya kurukia ya JNIA ina urefu wa mita 4,600, na ndege mara nyingi inatembea hadi mwisho wake, inasubiri ruhusa ya mnara, pengine inapisha inayotua. Pili kwenye kupanda: chini ya futi 10,000, yaani kama mita 3,000, mwendo kwa kawaida unabanwa usizidi noti 250 (maili 250 za baharini kwa saa), karibu kilomita 460 kwa saa. Jeti haiwezi kufyatuka hapo hata kama ina uwezo. Tatu kwenye kushuka. Marubani wana kanuni rahisi: kwa kila futi 1,000 za kushuka, hesabu maili 3 za baharini za mbele. Uwanja wa Mwanza wenyewe uko juu, kama futi 3,760 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo ndege iliyo futi 36,000 ina futi 32,000 za kushuka, ambazo ni maili kama 97, au kilomita 180. Ukiona sauti ya injini imepungua na ndege imeinamisha pua kidogo huku bado uko juu ya Simiyu, ujue hakuna tatizo, kushuka kumeanza. Kuanzia hapo kwenye jeti bado una dakika 20 au zaidi hadi kugusa chini.

Mdau wa Nyakato

Asante sana mkuu. Nauliza: nitajuaje kabla sijalipa kwamba nitapanda jeti au pangaboi?

MamaTiketi

Mdogo wangu, unapokata tiketi mtandaoni fungua sehemu ya maelezo ya safari. Kuna alama ya herufi au namba, jumla yake tatu. DH4 ni Dash 8 Q400. AT7 ni ATR 72, AT4 ni ATR 42. 223 ni A220-300. Ukiona 7M9 ni Boeing 737 MAX 9, na 788 ni ile kubwa ya Dreamliner. Ukikata kwa wakala mwambie akusomee hiyo alama, inaonekana kwenye mtambo wake. Ila kampuni ina haki ya kubadilisha ndege hata siku yenyewe, kwa hiyo usipange kikao Mwanza dakika arobaini baada ya muda wa kutua.

Jambo lingine kuhusu pangaboi: makabati ya juu ya viti ni madogo. Begi la mkononi lenye magurudumu linalokaa vizuri kwenye jeti, kwenye ATR linachukuliwa mlangoni pa ndege, linafungwa lebo na kuwekwa chini. Ukifika Mwanza unalisubiri na mizigo mingine. Anayetaka kutoka uwanjani haraka abebe begi laini la kuingia chini ya kiti.

Sasa nije kwenye hili la saa, kwa sababu ndilo linalowaachisha watu ndege kuliko foleni. Tiketi zote zinaandikwa kwa mtindo wa saa 24, za mahali husika. 07:00 ni saa moja asubuhi. 13:20 ni saa saba na dakika ishirini mchana. Hizo watu wanazoea. Hatari iko kati ya 00:00 na 05:59. Safari ya Jumanne 00:40 ni saa sita na dakika arobaini usiku, ule usiku unaoanza Jumatatu jioni. Sisi tukizungumza tunauita usiku wa Jumatatu, au usiku wa kuamkia Jumanne, lakini tiketi inasema Jumanne. Mtu anakuja Jumanne saa nne usiku na mabegi yake, ndege imeondoka karibu siku nzima nyuma. Tiketi yenye 00 au 01 mbele, andika pembeni kwa kalamu: "kuwa uwanjani Jumatatu saa tatu na nusu usiku." Mpe na anayekupeleka asome.

Wa Kipawa

Namuunga mkono Mama. Kwenye safari za ndani tatizo hilo ni dogo kwa kuwa nyingi ni za asubuhi hadi jioni, ila hizo za nje za usiku wa manane ni balaa.

Kuhusu kwa nini kwenda na kurudi kunatofautiana: ukaribu wetu na Ikweta unatusaidia. Huku kwetu upepo wa juu hauna nguvu kama ile mito ya upepo iliyo karibu na nyuzi 30 kaskazini au kusini, kwa hiyo Dar–Mwanza tofauti ya kwenda na kurudi kwa sababu ya upepo ni ya dakika tu. Kinachoonekana zaidi ni upande wa kutua Dar. Njia yetu ya kurukia pale JNIA inaitwa 05 upande mmoja na 23 upande wa pili, maana yake nyuzi 50 na nyuzi 230 za dira. Ndege hutua ikikabili upepo. Kaskazi ikivuma inatumika 05, na ndege ya kutoka Mwanza, ambayo inakuja kutokea kaskazini-magharibi, inabidi izunguke iingilie upande wa Pugu na Kisarawe. Ikitumika 23 inapita ijipange upande wa baharini, unaona maji na majengo ya katikati ya jiji kabla ya kushuka. Na ikiwa kuna ndege mbili tatu mbele, mnara unaweza kuwapa duara moja la kusubiri, na duara moja ni kama dakika nne.

Kwa upande wa Mwanza kinachosumbua ni radi. Usiku nchi kavu inapoa, maji ya ziwa yanabaki na joto, upepo unatoka pande zote za nchi kavu kuingia ziwani na kukutana katikati. Hewa inapanda, mawingu ya radi yanajengeka usiku na kubaki hadi asubuhi. Ndege haipiti ndani ya wingu la namna hiyo. Inazunguka, au inasubiri Dar hadi lipungue.

Mpanga Ratiba

Na hapo panaingia mafuta, jambo ambalo abiria halioni. Rubani anayekwenda Mwanza habebi mafuta ya kufika Mwanza tu. Anabeba ya safari, nyongeza ya dharura, ya kwenda uwanja mbadala, na juu yake ya kuzunguka nusu saa hewani. Kutoka Mwanza, Entebbe ni kama kilomita 280 na Kilimanjaro kama 470. Hali ya hewa ikiwa mbaya na mbadala uliochaguliwa ni wa mbali, mafuta yanaongezeka, uzito unaongezeka, na wakati mwingine kuna mizigo inabaki ije na ndege inayofuata. Ukiona gari la mafuta limerudi mara ya pili chini ya bawa huku mmeshakaa, mara nyingi ni hilo. Dakika 15 hadi 20 zinaondoka, lakini ni dakika za heri.

Ushauri wangu kwa mwenye shughuli isiyosubiri: chukua ndege ya kwanza asubuhi. Ndege hiyo mara nyingi imelala uwanjani, haitegemei kuwasili kutoka kwingine. Ya saa kumi na moja jioni imeshapita viwanja vitatu vinne tangu alfajiri, na kila kuchelewa kwa njiani kunarithiwa na safari inayofuata.

Dereva wa Segerea

Wakubwa shikamooni. Mmeongea angani, mimi nimalizie ardhini, maana ndiko muda mwingi unakoliwa.

Posta hadi JNIA ni kama kilomita 12. Alfajiri ni dakika 20 hadi 25. Jioni kati ya saa kumi na saa moja hesabu saa nzima, na mvua ikinyesha ongeza. Daraja la juu la Mfugale pale TAZARA, lililofunguliwa 2018, limesaidia sana magari ya kutoka mjini kwenda uwanjani, ila usilitegemee ukiwa unatoka Tegeta au Mbagala, kwa sababu wewe foleni yako iko kabla hujafika hapo. Anayetoka Kigamboni asipange safari kwa kuhesabu pantoni, apite darajani.

Tuchukue ndege ya 07:00, saa moja asubuhi. Kaunta za safari za ndani kwa kawaida zinafungwa kati ya dakika 45 na 30 kabla, kila kampuni na sheria yake, soma tiketi. Chukua ile ya dakika 45: saa 12:15 umefungiwa. Foleni ya ukaguzi mlangoni na ya kaunta ipe saa nzima, basi saa 11:15 alfajiri uwe mlangoni. Kutoka Tegeta ondoka saa 10:15. Ukitua Mwanza saa 2:30, mizigo dakika 20, halafu kama kilomita 10 kuingia mjini. Saa 3:30 uko mjini. Mlango hadi mlango ni zaidi ya saa tano, na hewani ulikuwa kama saa moja na robo.

Na mwambie dereva wako Terminal ipi. Safari za nje ni Terminal 3, ile iliyoanza kutumika 2019. Za ndani ni Terminal 2, na ndege ndogo ndogo Terminal 1 ya zamani. Majengo hayo hayako pamoja, huwezi kukokota mabegi kutoka moja hadi jingine huku kaunta inafungwa. Abiria wa Mwanza anayeunganisha kwenda nje kwa tiketi mbili tofauti anachukua mizigo yake Terminal 2, anapanda gari kwenda Terminal 3, anaanza kaunta upya. Acheni saa nne katikati, zisipungue.

Mfanyabiashara Kariakoo

Kwa wanaokwenda Guangzhou: mstari ulionyooka kutoka Dar ni kama kilomita 8,700, na ndege ya moja kwa moja inachukua saa kumi na kitu hewani. Ukipita Addis Ababa jumla ni kama 9,800, na ukipita Dubai ni karibu hiyo hiyo 9,800. Watu wanadhani Dubai ni mzunguko mkubwa kuliko Addis. Kwa kilomita hakuna tofauti ya maana. Ziada ya kilomita 1,100 ni saa moja na robo tu ya kuruka. Masaa mengine yote ya ziada ni kukaa kituo cha kati na kupanda na kushuka mara ya pili. Kwa hiyo mnaolinganisha tiketi, angalieni muda wa kusubiri kituoni kabla ya kuangalia ramani.

Saa za China ziko tano mbele yetu. Ukiondoka Dar Jumatatu saa tano asubuhi, ukaruka saa kumi na nusu, kwa saa yako ni saa tatu na nusu usiku, lakini Guangzhou ni saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumanne. Mwambie wa hoteli mapema, na usipange kuingia sokoni saa mbili asubuhi hiyo hiyo, mwili unajua ni saa tisa usiku. Tena miezi ya Desemba hadi Februari upepo wa juu kule kaskazini ya India unavuma kwa nguvu kutoka magharibi, kwa hiyo kwenda kunakuwa kufupi na kurudi kunakuwa kurefu waziwazi.

MamaTiketi

Kaka amenikumbusha. Anayechukua saa ya kutua akaondoa saa ya kuruka anakosea kwa kila nchi yenye saa tofauti na yetu. Dubai iko saa moja mbele: tiketi ya 16:45 hadi 23:05 inaonekana kama saa sita na dakika 20, kumbe ni tano na dakika 20. Kigali, Bujumbura, Lusaka na Johannesburg ziko saa moja nyuma: ukitoka Dar saa nne kamili asubuhi ukaruka saa moja na dakika 50, Kigali unakuta saa nne na dakika 50, unaweza kudhani umetumia dakika hamsini. Nairobi, Addis na Istanbul hazina tofauti na sisi, hapo hesabu inakwenda moja kwa moja.

Mdau wa Nyakato

Na Dodoma je? Ndege au SGR?

Mpanga Ratiba

Dodoma kwa anga ni kama kilomita 390, ndege karibu saa moja. Treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024, ile ya haraka inachukua takriban saa tatu na nusu na ya kawaida karibu nne. Ukiongeza safari ya kwenda JNIA, kaunta na kusubiri mizigo, ndege inafika saa tatu na nusu nayo. Kwa anayekaa Ilala, Kariakoo au Upanga, treni haipitwi, stesheni iko hapo hapo mjini. Kwa aliyeko Kipawa au Gongo la Mboto na begi la mkononi tu, ndege bado inashinda kidogo. Zanzibar sipotezi muda: kilomita kama 73, dakika 20 hewani, na boti kama saa mbili kutoka katikati ya jiji. Aliyeko Posta apande boti.

Wa Kipawa

Kabla sijatoka, kwa wanaorudi Dar na samaki, maana kila Januari wanachelewesha kaunta ya Mwanza. Sangara au sato wagandishwe kabisa usiku mzima kabla, si kupozwa. Wafungwe nailoni nene mbili, kila moja na fundo lake, ndipo waingie kwenye boksi la povu lenye mfuniko, lizungushiwe selotepu pande zote nne na chini. Barafu ya maji usiweke, itayeyuka. Barafu kavu inaruhusiwa kwa idhini ya kampuni, isizidi kilo 2.5 kwa abiria, na boksi lisizibwe kabisa kwa sababu gesi yake inahitaji pa kutokea. Pima boksi nyumbani, uzito wake unahesabiwa pamoja na begi lako. Boksi likidondosha hata tone kwenye mizani, kaunta wanalirudisha ukafunge upya, na kufunga upya ni nusu saa ambayo kaunta haitakusubiri.